Yaya, usifute jina la mama yake nyanya

Yaya, mkubwa wangu,

Historia ya ukoo uliyotutumia nimeisoma, kisha nikamsomea mama kwa sauti hapa Goma. Umeifanyia kazi kweli. Ila pale unapoandika kwamba nyanya ni mtu wa Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu, tangu mababu, na kwamba hakuna wetu aliyetoka ng'ambo, nakuomba urudi nyuma kidogo.

Nyanya hajawahi kuhama kisiwa, hilo ni kweli. Alizaliwa huko, akaolewa kilima cha jirani, akazeekea kwenye kahawa na nanasi zake. Goma anakuja kwa matibabu tu, na akishuka botini anauliza boti ya kurudi ni saa ngapi. Lakini mama yake alivuka ziwa. Yumo katika daftari la ndoa la parokia, wino umefifia lakini unasomeka: jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba yake, halafu kilima cha ng'ambo ya mashariki, Rwanda. Nilipomsomea nyanya mstari huo alikuwa anachambua maharage. Hakushtuka hata kidogo. Akaniongezea jina la mama wa yule mama, ambalo padri hakuliandika.

Najua kwa nini umeliacha. Siku hizi huku kwetu mtu akikuuliza "mmetoka wapi?" unajiuliza kwanza anataka nini, maana wako waliopoteza mashamba kwa sababu ya jibu. Naishi humo, siwezi kukulaumu. Lakini mpaka huo unaotutia hofu una umri wake. Ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, ndipo Idjwi ikabaki upande wa Kongo. Kabla ya hapo Rwabugiri, mwami, yaani mfalme, wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895, alikuwa amekivamia kisiwa na kukiteka. Na Basibula, ukoo wa bami (wafalme) wa Idjwi wenyewe, walivuka kuja kisiwani mwanzoni mwa karne ya 19, wakakuta koo nyingine zimeshatangulia. Kama kuvuka ziwa kunamtoa mtu katika historia ya Idjwi, basi hata mwami hana nafasi humo.

Halafu, mwaka wa kuzaliwa: usinakili ule wa kadi ya uchaguzi, 1936. Nyanya anasema mama yake alimwambia alikuwa bado anabebwa mgongoni watu walipokuwa wanavuka kutafuta chakula wakati wa Ruzagayura. Njaa hiyo ya Rwanda ilikuwa mwaka 1943 na 1944, na mtoto wa miaka saba habebwi mgongoni. Mimi namwamini nyanya kuliko karani. Ukimuuliza "mwaka gani?" atanyamaza, muulize nani alikuwa mwami, njaa ipi, nani alikuwa ameshaolewa, utaona atakavyofunguka.

Kinachoniuma zaidi ni hao wanawake. Ukoo wetu unafuata baba, kwa hiyo majina ya wanaume yatabaki hata tusipoandika chochote. Mama yake nyanya hana mtu mwingine wa kumtaja isipokuwa binti yake, na binti mwenyewe kesha kuwa mzee sana.

Basi andika jina lake na kilima chake. Ukiogopa kuuweka ukurasa huo hadharani sasa, usiuweke. Ubaki kwetu nyumbani. Nitumie kwanza, nivuke nao hadi kisiwani nimsomee nyanya kwa Kihavu, lugha yake, asahihishe mwenyewe.

Mdogo wako