Barua ya malalamiko: poti mbili za USB-C, umbo moja, kazi mbalimbali

Watengeneza Programu,
Dar es Salaam.

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU POTI ZA USB-C, DOKI, WAYA WA CHAJA NA VIPOKEA SAUTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii inahusu bidhaa zenu nne zilizonunuliwa kwa pamoja: kompyuta mpakato sita za inchi 14, doki sita (vifaa vya kuongezea kompyuta poti) zenye poti saba kila moja, nyaya za chaja za ziada za mita 2, na vipokea sauti visivyo na waya. Namba za mashine zipo kwenye kiambatisho. Hakuna kilichoanguka, kilichoungua wala kilichomwagikiwa chai. Vyote vinafanya kazi jinsi vilivyoundwa, kwa hiyo hatuombi fundi. Tunalalamikia kwamba namna vilivyoundwa haikuandikwa popote, si kwenye boksi, si kwenye kijitabu, si kwenye tovuti yenu.

Tuanze na kompyuta. Upande wa kushoto kuna poti mbili za USB-C, zimeachana kwa upana wa kidole. Ukizitazama ni pacha. Hakuna alama ya radi, hakuna alama ya skrini, hakuna tarakimu. Karatasi ya sifa inasema hivi tu: "USB-C × 2". Kumbe ya nyuma, iliyo karibu na bawaba, inapokea chaja, inatoa picha, na inapitisha data kwa gigabiti 10 kwa sekunde. Ya mbele haipokei chaja, haitoi picha, na kasi yake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000. USB-C ni umbo la tundu na pini zake 24, basi. Haisemi kasi, haisemi wati, haisemi kama picha itapita. Mteja aliyeambiwa "USB-C × 2" hana habari zaidi ya aliyeambiwa "mlango × 2" wakati mmoja ni wa sebuleni na mwingine wa stoo.

Dawati lenu la msaada limejibu mara mbili kwamba tubadilishe waya, na mara moja kwamba tufute mfumo na kuusimika upya. Kabla hatujaambiwa hivyo mara ya nne, hiki hapa kipimo ambacho yeyote ofisini kwenu anaweza kukirudia kwa dakika tano. Chukueni diski moja ya nje ya SSD yenye uwezo wa gigabiti 10, na waya wake uleule uliokuja nao. Chomekeni poti ya nyuma, fungueni terminali ya Linux, andikeni lsusb -t, amri inayoorodhesha vifaa vya USB na kasi zake. Mwisho wa mstari wa diski mtaona 10000M, yaani megabiti 10,000 kwa sekunde. Chomoeni, pelekeni poti ya mbele, rudieni amri. Mtaona 480M. Diski haikubadilika, waya haukubadilika, mfumo haukubadilika. Tofauti ni poti, na kusimika mfumo upya hakuongezi nyaya zisizokuwepo kwenye ubao wa kompyuta.

Kwa kazi zetu tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Faili la mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta) la gigabaiti 60, na baiti moja ni biti nane, kupitia poti ya mbele huenda kwa megabaiti 38 hivi kwa sekunde, na hiyo ni dakika 26. Kupitia poti ya nyuma, diski ileile huandika kwa megabaiti 800 hivi kwa sekunde, na kazi inaisha kwa dakika moja na robo. Haki isemwe pia: kwa kibodi, kipanya, au kusukuma programu kwenye simu ya Android kwa zana ya adb, poti ya mbele inatosha kabisa. Simu nyingi zenyewe haziendi zaidi ya megabiti 480 kwa waya. Hatudai kila poti iwe ya kasi, maana tunajua poti ya kasi inagharimu. Tunadai mteja ajue ipi ni ipi kabla hajatoa pesa, na akishatoa asilazimike kutumia terminali ili kujua.

Kwa kuwa poti moja tu ndiyo inayopokea chaja na hiyohiyo ndiyo inayotoa picha, mtu mwenye skrini ya nje hana budi kununua doki. Labda ndiyo sababu duka lenu linaipendekeza doki kwenye ukurasa uleule wa kompyuta. Boksi la doki limeandikwa "4K" na "wati 100". Maneno yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanapotosha.

Kwanza 4K. Ndani ya USB-C kuna jozi nne za nyaya za kasi. Doki yenu inatenga jozi mbili kwa picha na mbili kwa data, ili poti zake nyingine za USB ziwe za gigabiti 5. Utaratibu huo ni wa kawaida. Lakini chipu yake ya picha inaishia kwenye kasi ya DisplayPort 1.2 (DisplayPort ni kiwango cha kupitisha picha), ambayo kwa jozi nne hubeba gigabiti 17.28 za data kwa sekunde, na kwa jozi mbili nusu yake, 8.64. Picha ya 4K inayojirudia mara 60 kwa sekunde inahitaji takriban gigabiti 12.5. Haiingii. Kwa hiyo skrini inashushwa hadi mara 30. Anayetazama filamu huenda asione kitu, lakini anayesoma msimbo kutwa nzima ataona mshale unaruka kama panzi na mistari inatetemeka kila akiteremsha ukurasa. Kwenye Linux inayotumia X11, mfumo wa kuchora picha kwenye skrini, amri ya xrandr inalionyesha hilo: kwenye mstari wa 3840x2160, ndiyo 4K, kiwango cha juu ni 30, na 60 haipo kabisa. Chipu ya DisplayPort 1.4 ingebeba gigabiti 12.96 kwa jozi mbili zilezile, na 60 ingetosha kwa kubanana. Kama mliamua kuokoa gharama hapo, ni uamuzi wenu wa kibiashara. Ila andikeni "4K, Hz 30". Ni herufi chache, boksi lina nafasi.

Pili wati. "Wati 100" ni kiasi ambacho doki inaweza kupokea kutoka kwenye chaja. Inachokipitisha kwenda kwenye kompyuta ni pungufu ya hapo kwa wati 15, ambazo doki inajiwekea akiba kwa ajili ya poti zake. Kwa mwenye chaja ya wati 100 si tatizo, anabaki na 85. Lakini chaja mnayoiweka kwenye boksi la kompyuta ni ya wati 65. Toa 15, zinabaki 50. Kompyuta hii ikikompaili mradi mkubwa (kugeuza msimbo kuwa programu) huku emuleta ya Android, programu inayoigiza simu, iko wazi, kipima umeme cha USB-C kinaonyesha inataka wati 60 hivi. Hapo mambo mawili hutokea: prosesa inapunguzwa mwendo, au betri inaliwa huku taa ya chaja inawaka. Mkitaka kuthibitisha, endesheni cat /sys/class/power_supply/BAT0/status wakati wa kukompaili (kwenye baadhi ya mashine ni BAT1). Jibu linakuja "Discharging" na waya umechomekwa. Amri ya upower -d nayo inaonyesha ni wati ngapi zinatoka kwenye betri.

Waya wa ziada una kisa chake. Unauzwa kama "waya wa kuchaji kwa kasi kwa kompyuta zote za familia hii". Chaja yenu ya wati 65 hufikia kiwango hicho kwa volti 20 na ampea 3.25. Kanuni ya USB ni kwamba waya wowote wa USB-C kwa USB-C unapitisha hadi ampea 3. Ukitaka zaidi ya hapo, waya lazima uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa chake inayoiambia chaja kwamba unahimili ampea 5. Waya uliokuja na kompyuta una chipu hiyo. Waya wa ziada hauna. Kwa hiyo chaja, kwa usahihi kabisa, inakataa kuvuka ampea 3, na volti 20 mara 3 ni wati 60. Ukiupitisha waya huo kwenye doki, kompyuta inabaki na 45. Tofauti ya wati 5 inaonekana ndogo mpaka uione ikiongezeka juu ya upungufu mwingine. Na tuongeze kwamba waya huo kwa data nao ni wa megabiti 480, hivyo akiutumia mtu kwenye diski ya nje, hata poti nzuri ya nyuma inageuka kuwa mbovu. Hapo ndipo ushauri wenu wa "badilisha waya" ungekuwa wa maana, kama waya mbaya usingekuwa wa kwenu.

Vipokea sauti vinahitaji aya moja tu. Vinachaji kwa waya wa USB-A kwa USB-C, lakini kwa waya wa USB-C kwa USB-C havichaji kabisa, iwe kwa chaja yenu au ya mwingine. Si betri. Chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka ihisi kwenye pini za CC, ambazo kazi yake ni kutambua kilichochomekwa, rezista ya kiloomu 5.1 kutoka upande wa kifaa, na zinatakiwa mbili, moja kwa kila pini, kwa sababu kichwa kinaingia kwa pande zote mbili. Chaja ya USB-A haiulizi, inatoa volti 5 muda wote, ndiyo maana nayo inafanya kazi. Kwenye ubao wa vipokea sauti hivi rezista hizo hazipo. Ni miongoni mwa vifaa vya bei ya chini kabisa kwenye ubao. Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa na kosa la jamii hiyo, pini mbili za CC zikigawana rezista moja, hivyo nyaya zenye chipu hazikuiwasha. Wenyewe walikiri hadharani na toleo la baadaye la ubao likarekebishwa. Nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo bila aibu yoyote.

Mtasema pengine kwamba majina ya USB yamewachanganya hata nyinyi. Kuhusu zamani tunakubali. Kasi moja ya gigabiti 5 iliitwa USB 3.0, ikaja kuitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na muuzaji akiandika "USB 3.2" peke yake huna hakika kama ni 5, 10 au 20. Lakini tangu 2022 USB-IF, shirika lenyewe linalosimamia USB, limeelekeza nembo ziandikwe kwa tarakimu: 5Gbps, 10Gbps, 20Gbps, 40Gbps, na nyaya ziandikwe 60W au 240W. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake namba 2022/2380, unataka kwenye kifungashio pawe na lebo ya wati za chini na za juu ambazo kifaa kinahitaji; kwa simu ni tangu 28 Desemba 2024, na kwa kompyuta mpakato kuanzia 28 Aprili 2026. Kama mnaweza kuchapisha lebo hiyo kwa mteja wa Ulaya, wino uleule unatosha kwa mteja wa Kariakoo. Kwa sasa mteja wa hapa anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tunaomba yafuatayo. Nyaya za ziada zibadilishwe kwa nyaya za ampea 5, bila malipo, na maelezo yake dukani yarekebishwe leo, maana hilo halihitaji kiwanda. Doki zirudishwe na pesa irejeshwe, au tupewe aina nyingine inayotoa 4K kwa Hz 60 na ambayo boksi lake linataja wati zinazotoka, si zinazoingia. Vipokea sauti virudishwe vyote. Kompyuta tunabaki nazo, ni mashine nzuri kwa mambo mengine (kibodi hasa mmeipatia), ila mtutumie karatasi ya sifa iliyo kamili kwa kila poti: kasi kwa gigabiti, inapokea chaja au la, inatoa picha au la, na kwa toleo lipi la DisplayPort. Karatasi hiyo iwekwe pia kwenye tovuti. Kwa mashine zijazo, chapeni alama pembeni ya tundu. Kuhusu RAM ya gigabaiti 8 iliyochomelewa ubaoni, hiyo mliiandika wazi kabla ya mauzo, kwa hiyo hatuna haki ya kuilalamikia, ingawa hatuipendi.

Tunatarajia majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipopatikana, tutaipeleka pamoja na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa.

Tafadhali majibu yaandikwe na mtu aliyekwisha kuendesha lsusb -t kwenye poti zote mbili.

Wenu,
Watengeneza Programu.

Viambatisho: nakala za risiti, orodha ya namba za mashine, matokeo ya lsusb -t, xrandr na upower -d kwa kila poti, picha za kipima umeme kwa waya wa asili na waya wa ziada, picha ya ubao wa vipokea sauti penye nafasi tupu za rezista mbili.