Filamu inakwenda vizuri, kwa nini simu ya video inaganda?

Sisi ni mafundi wa Wi-Fi za nyumbani, na lalamiko tunalolisikia zaidi kutoka kwa wateja ni hili: "Nimeongeza kasi ya intaneti, filamu natazama bila shida, lakini nikipiga simu ya video picha inaganda." Wengi hudhani kampuni ya intaneti inawapunja. Mara nyingi si hivyo.

Filamu ina akiba. Kifaa chako hupakua sehemu ya mbele kabla hujaifikia, hivyo mtandao ukiyumba kidogo hutambui. Kwenye simu akiba hiyo haipo, maana mwenzako bado hajasema atakachosema. Mwongozo wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, unapendekeza sauti ichelewe njiani milisekunde zisizozidi 150. Data ikichelewa mno haina kazi tena, inatupwa, na uso wa mtu unabaki umefumba jicho moja.

Kusema kweli, ajabu ni kwamba picha hizi zinapita angani. Video ya 1080p (ubora wa HD kamili), fremu 30 kwa sekunde, bila kubanwa, yaani bila kupunguzwa ukubwa wa data, ni karibu biti bilioni 1.5 kila sekunde. Mitandao ya 3G ilipofunguliwa Japani Oktoba 2001, simu ya video ilipewa biti elfu 64 tu kwa sekunde, na picha yake ilikuwa ya kuvumilia. Mbinu za kubana video kama H.264, ya mwaka 2003, zilifanya kazi kubwa sawa na minara. 4G ilipoanza Oslo na Stockholm mwishoni mwa 2009, video ilikuwa tayari imekuwa nyepesi kiasi cha kubebeka.

Kilichobaki kusumbua ni zile mita chache kati ya ruta na mkono wako. Wi-Fi ni ya zamu: kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, kifaa kimoja kikituma vingine vinasubiri. Simu iliyo mbali hutuma polepole, hivyo hula muda wa wote. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana (1, 6 na 11), na majirani wako wamo humohumo, pamoja na maikrowevu. Ya 5 GHz yana nafasi zaidi, ila ukuta wa zege huyadhoofisha haraka.

Kwa hiyo tukija hatuanzi kwa kukuuzia kitu. Tunapima ucheleweshaji na data inayopotea pale unapokaa ukipiga simu. Mara nyingi dawa ni kuitoa ruta kabatini, kubadilisha chaneli, au kuvuta kebo hadi kwenye televisheni ili hewa ibaki kwa simu. Vile vikuza mawimbi vya bei rahisi hatuvipendi: vingi hupokea na kurudia kwenye chaneli ileile, kasi inashuka karibu nusu.

Wi-Fi 7, kizazi kipya cha Wi-Fi, inaweza kutumia masafa zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na hilo linaweza kusaidia simu za video. Lakini kama simu na kompyuta zako haziitumii, ruta mpya ya Wi-Fi 7 haitakupa faida hiyo. 6G, kizazi kijacho cha mitandao ya simu, inatarajiwa karibu na 2030, nayo haitahamisha ukuta wako.

Kabla ya kutuita, sogea karibu na ruta upige simu hiyohiyo. Ikitulia, tatizo liko ndani ya nyumba na ni kazi yetu. Ikiendelea kuganda hata kwa kompyuta iliyochomekwa kebo, wasiliana na mtoa huduma wako wa intaneti, hapo usitulipe.