Barua ya wazi kwa Msajili wa Magari: pikapu yangu ilizama, kadi yake haisemi

Ndugu Msajili,

Salamu nyingi. Nakuandikia hadharani kwa sababu nililisema jambo hili dirishani nikaambiwa fomu yake haipo.

Ninauza pikapu yangu. Ni ya dizeli, milango minne, gia za mkono. Wiki iliyopita alikuja mtu kuitazama. Akaizunguka, akachungulia chini, akawasha injini na kuisikiliza kwa muda huku ameegemea boneti. Akaipenda. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kabla hatujaingia kwenye bei, ujue gari hili liliwahi kuzama. Maji yalifika kwenye usukani, likalala humo usiku kucha." Akaichukua kadi ya gari, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaniuliza: "Mbona hapa haikuandikwa?"

Haikuandikwa kwa sababu hapana mahali pa kuandika. Kadi ina rangi, namba ya chasisi, namba ya injini, uzito na idadi ya viti. Nikiipaka gari rangi nyingine lazima nije kwako. Nikibadilisha injini, nije pia. Lakini gari linaweza kulala mtoni hadi alfajiri, likajaa tope mpaka ndani ya spika za milango, na kwenye kumbukumbu zako likabaki vilevile kama siku lilipotoka kiwandani.

Naomba nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana asiyewahi kulifungua gari lililozama hudhani maji yakikauka mambo yamekwisha.

Kosa la kuingia mtoni lilikuwa langu. Ilikuwa jioni, lori lililotangulia likavuka, nikalifuata. Watengenezaji wa pikapu hutaja kina ambacho gari linaweza kuvuka: kwa Toyota Hilux wamewahi kutaja milimita 700, kwa Ford Ranger 800. Hicho ni kina cha maji yaliyotulia, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali ambapo unajua chini pakoje. Maji yanayokwenda kasi yana hesabu nyingine. Yakifika sentimita 60 hivi yanaweza kuyasomba magari mengi, pikapu zikiwamo. Mimi sikusombwa. Gurudumu la mbele liliingia shimoni, pua ikazama, maji yakapanda juu ya boneti, injini ikakohoa mara moja na kuzima. Nikafanya lile ambalo hofu humfanyisha dereva: nikapiga stata. Kisha nikapiga tena.

Tulitokea dirishani, mimi na mwenzangu, tukapanda ukingoni. Gari likabaki. Asubuhi trekta ililivuta likatoka likivuja kila mahali, tope jekundu limejaa hadi kwenye kisanduku cha deshibodi.

Fundi wangu alipofika hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Umewasha?" Nilipomjibu akanyamaza, akafungua boneti, akatoa waya hasi wa betri. Akavuta kijiti cha oili. Kilitoka na kitu cheupe kizito, kama rangi ya ukutani. Hiyo ni oili iliyochanganyika na maji, na injini ikizunguka nayo beringi za krenki zinakatika.

Lakini lililomtia hofu zaidi ni ile stata. Injini hubana hewa, na ya dizeli huibana mara 15 na zaidi. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikayakuta maji juu yake, lazima kitu kipinde, na mara nyingi kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki. Alitoa nozeli zote zinazopuliza dizeli, akaizungusha injini taratibu kwa spana, maji yakaruka juu kama bomba lililotobolewa. Kisha akafungua kichwa cha injini, akapima kila pistoni inafika wapi inapokuwa juu kabisa. Tatu zilifika mahali pamoja. Ya nne ilibaki chini kwa unene wa kadi ngumu ya karatasi. Alichukua kidole changu akakipitisha pale ili nihisi. Kwa macho usingeona kitu. Injini ile ingewaka siku hiyo, ingetembea wiki, pengine miezi, halafu siku moja konrodi ingekatika barabarani na kutoboa ubavu wa injini.

Naomba uikumbuke pistoni hiyo ya nne, Ndugu Msajili, kwa sababu mwingine angeliwasha gari lile na kuliuza.

Tulibadilisha konrodi. Oili tulimwaga na kuweka mpya mara tatu, na filta zake, hadi ikatoka safi. Tangi la dizeli tuliliteremsha. Kwenye difu, lile fuko la gia lililo kwenye ekseli, ndiko nilikojifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: difu likiwa la moto kwa safari na kuingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa, nalo huyanyonya maji kupitia kwenye kipumulio chake au pembeni mwa sili. Kwa hiyo hata dereva aliyevuka salama, gari lisizime, anaweza kuondoka na maji ndani ya difu zake mbili na giaboksi bila habari. Ukimwaga oili ya difu lililonyonya maji hutoka kwanza maji matupu, kisha ule uji mweupe.

Tope ni adui mwingine. Maji hutiririka, tope huganda. Liliingia kwenye drami za breki za nyuma likakwangua kama msasa. Liliziba matundu ya radieta, na kwa mbele ilionekana safi kabisa. Joto lilipopanda kwenye kilima cha kwanza ndipo tukajua. Chasisi ya pikapu ni bomba la chuma lenye uwazi ndani, na humo tulipitisha mpira wa maji siku mbili. Hata leo, nikipiga nyundo kwenye baadhi ya sehemu, vumbi jekundu hudondoka. Tope hilo hushika unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani wakati rangi ya nje ingali inang'aa.

Yote hayo yana dawa, yanataka fedha na mikono. Umeme ndio uliotutesa. Miezi mitatu baada ya gari kutembea vizuri, dirisha la abiria lilianza kushuka lenyewe. Kisha taa ya breki za kompyuta ikawaka. Kisha alteneta, inayochaji betri, ikafa. Kila tulipofungua kiunganishi cha nyaya tulikuta unga wa kijani kwenye pini, shaba inaoza polepole. Chini ya zulia, kwenye sponji yake, maji yalikuwa bado yapo baada ya miezi hiyo yote. Nililikamua kwa mikono. Na kile kisanduku kinachoamuru mifuko ya hewa ifunguke wakati wa ajali, kwenye magari mengi hufungwa sakafuni katikati ya viti vya mbele. Hapo ndipo tope hujikusanya. Nilikibadilisha, ingawa taa yake haikuwahi kuwaka, kwa sababu sikutaka kumkalisha mtoto wa mtu nyuma ya kitu nisichokiamini.

Haya niliyafanya mimi, na yameandikwa kwenye daftari langu la matengenezo. Sasa nikueleze kuhusu mnunuzi wa pili.

Huyu ni mfanyabiashara wa magari. Hakuihitaji historia niliyompa, alinikatiza. Akaniambia nimeharibu fedha kwa kufungua injini. Kwake yeye, gari likitoka majini ni kuosha kwa presha, kubadilisha mazulia na vitambaa vya viti, kuweka manukato, kupaka nyeusi chini ya gari, na kuliuza mbali. Alisema bila kushusha sauti, kwa sababu hakuwa na la kuogopa. Hakuna karatasi atakayoghushi. Kadi atakayomkabidhi mnunuzi ni halali, imetoka ofisini kwako.

Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Kadi inaaminika kuliko maneno ya mtu. Mnunuzi wa kwanza aliamini kadi kuliko mimi mwenye gari ninayelizungumzia kwa ubaya! Kwa hiyo pale inaponyamaza, watu husikia kwamba hakuna tatizo.

Wenzetu wengine wamelifikiria. Marekani majimbo mengi huweka alama kwenye hati ya umiliki wa gari lililoharibiwa na mafuriko, na iko hifadhi ya taifa ya kumbukumbu ambayo kampuni za bima na wauza vyuma chakavu hulazimika kisheria kuipelekea taarifa. Tangu mwaka 2009 hata mnunuzi wa kawaida anaweza kuuliza humo. Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kilizamisha magari mamia ya maelfu, na mengi yaliyosafishwa yalionekana baadaye yakiuzwa mbali na maji yalikoyakuta. Uingereza kampuni za bima huyapanga magari yaliyoharibika kwa herufi A, B, S na N: mawili ya kwanza hayarudi barabarani, mawili ya mwisho yanaweza kurudi yakitengenezwa, na herufi hubaki kwenye kumbukumbu.

Sikusihi uige yote. Mipango hiyo ina tundu kubwa: hutegemea bima. Gari lisilo na bima kubwa, kama langu lilivyokuwa, likizama hakuna kampuni itakayotoa taarifa. Na gari likivuka mpaka wa jimbo au wa nchi, alama mara nyingi huachwa nyuma. Ndiyo maana naona kazi hii inaangukia kwako zaidi kuliko kwa bima, kwa kuwa kila gari, lenye bima na lisilo nayo, hupita mezani kwako linapobadilisha mmiliki.

Ninachoomba ni mstari mmoja kwenye kadi na kwenye kumbukumbu. Uandikwe mwaka gari lilipozama, maji yalifika wapi, na kama yalikuwa ya bahari au ya mto. Hapo pa "yalifika wapi" naomba pasiachwe. Gari ambalo maji yalilowesha zulia tu halifanani na lile ambalo deshibodi ilizama, na mwenye gari la kwanza asiadhibiwe kwa jina la la pili. Maji ya chumvi nayo hula nyaya na chuma haraka mno. Mnunuzi ana haki ya kuyajua. Na kwa magari yanayoletwa kutoka nje, mwombaji atakiwe kuonyesha kumbukumbu za kule litokako kabla hujampa namba mpya.

Utaniambia wenye magari wataficha. Wengine wataficha, ndiyo. Lakini wakaguzi wako wanaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Nikuonyeshe mfano. Kwenye pikapu yangu niliosha kila kitu, viti nikavitoa nje, mazulia nikatupa. Siku moja nikauvuta mkanda wa dereva mpaka mwisho, ule urefu ambao hakuna anayeuvuta akiwa anafunga. Kwenye nusu mita ya mwisho palikuwa na mstari mwekundu uliokata mkanda kwa upana, umenyooka kama uliochorwa na rula. Maji yaliishia pale. Boliti za chini ya viti nazo hushika kutu mapema, taa za mbele hubaki na ukungu ndani, na kando ya gurudumu la akiba huachwa mchanga laini kwa kuwa hakuna anayepaosha. Mkaguzi akiangalia sehemu hizo nne kabla ya kusaini, mfanyabiashara yule atapata kazi ngumu zaidi kuliko manukato.

Na wapo tunaotaka kusema. Nimetumia kwenye gari hili fedha nyingi kuliko busara, na nikiliuza kwa ukweli nitapata pungufu, nimelikubali hilo. Ila kwa mpangilio wa sasa, mimi niliyefungua injini na yule aliyebadilisha mazulia tunatoka ofisini kwako na kadi zinazofanana neno kwa neno. Zaidi ya hayo, nikishaliuza, atakayelinunua baada ya huyo hatakutana na mimi wala daftari langu.

Nimeambatisha nakala ya kadi, mbele na nyuma, na kurasa za daftari la matengenezo: tarehe, vipuri, na kile kipimo cha pistoni ya nne kama fundi alivyokiandika kwa mkono wake. Mnunuzi wa kwanza ameniambia atarudi mwisho wa mwezi na fundi wake mwenyewe. Pikapu iko uani, sijaiosha chini, ili waone wenyewe. Ukimtuma mkaguzi wako nitaifungua mbele yake, nianze na mkanda wa dereva.

Wako mtiifu,

Mwenye pikapu