Barua kwa mwanangu: mlango mmoja wa chakula na kiu

Mwanangu Zuhura,

Umeuliza kwa nini miche yako ya sukuma wiki inalegea saa sita mchana ilhali umeimwagilia asubuhi. Geuza jani. Upande wa chini ndiko kwenye stomata nyingi zaidi, vitundu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja katikati ya seli linzi mbili, yaani seli zinazokifungua na kukifunga. (Yungiyungi, kwa kuwa jani lake linaelea majini, anavyo upande wa juu.)

Hewa ukaa ambayo mmea huitumia kujipikia chakula huingia hapohapo mvuke unapotokea. Hewani hewa ukaa ni kama 0.04% tu, na ndani ya jani kumejaa unyevu. Kwa hiyo molekyuli moja ya hewa ukaa ikiingia, mamia ya molekyuli za maji hutoka.

Kukipambazuka, mwanga, hasa wa buluu, huzifanya seli linzi zisukume protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, nje. Madini ya potasiamu huingia, maji huyafuata kwa osmosisi, yaani maji kupenya kuelekea penye chumvi nyingi, seli zinajaa. Nyuzi za selulosi zimezifunga kama pete za pipa, hivyo haziwezi kunenepa. Hurefuka na kupinda, na tundu linafunguka. Udongo ukikauka, homoni ya asidi ya absisiki huitoa potasiamu, maji yakatoka, tundu likajifunga. Mmea umeokoa maji, lakini sasa unashinda njaa.

Mche uliohamishwa umekatika vinyweleo vya mizizi, kwa hiyo majani yanapoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoleta. Mwagilia kitalu saa chache kabla ya kung'oa, hamisha kuanzia saa kumi na moja jioni, punguza majani makubwa ya chini, kisha weka kivuli chepesi siku tatu hadi tano. Usizidishe: kivuli kizito hupunguza maji yanayopotea, na chakula pia.

Kabla ya kumwagilia tena, zamisha kidole ardhini. Ukikuta tope na jani bado limelegea, mizizi imekosa oksijeni. Hapo ndoo ya pili ndiyo inayoua. Chimba mfereji maji yatoke.

Ukitaka kuviona vitundu hivyo vya stomata, chuma jani la kunde saa nne asubuhi. Paka upande wa chini rangi ya kucha isiyo na rangi, eneo la ukucha mmoja, tabaka jembamba. Nene hujaa mapovu. Acha dakika kumi ikauke, bandika selotepu angavu, ibandue taratibu, iweke kwenye kioo cha hadubini, ukuze mara 400. Ukivikuta vyote vimefumba, huenda jani lilikuwa limeshanyauka.

Mkonge usiupime kwa saa hizo. Wenyewe hufungua usiku, huhifadhi hewa ukaa kama asidi ya maliki, na mchana huitumia milango ikiwa imefungwa. Hupoteza maji kidogo sana, ila hukua polepole.

Mama yako