Pembetatu ikigeuzwa bado ni pembetatu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Binti yangu yuko chekechea, juzi nikamshikia sambusa nikamuuliza hii umbo gani, akasema pembetatu, nikaigeuza ncha ikaangalia chini akakataa katakata, eti "hiyo imeanguka baba". Kumbe kitabuni kwao pembetatu zote zimekalia kitako kama paa la nyumba! Sasa mtoto atajuaje kinachohesabiwa ni pande 3 zilizonyooka na pembe 3 basi? Walimu kateni maboksi, toeni pembetatu nyembamba, nene, na moja yenye upande uliopinda waikatae wenyewe, wachambue hapohapo kwenye mkeka. Na mraba mkiuzungusha msiwaambie umekuwa almasi jamani, ni mraba uleule.

Mzazi, Tanga