Kuhusu kikao chako cha Jumamosi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata juzi, nikaisoma mara mbili, ya pili nimesimama huku chai inapoa. Kwa hiyo wewe ndiwe uliyepewa kazi ya kuwakutanisha wazazi Weusi na Wazungu wa huko Marekani wazungumzie mipaka mipya ya shule, yaani watoto wa mtaa upi waende shule ipi, na nusu yao hawasalimiani. Pole, na hongera, maana mzigo kama huo hupewa mtu anayeaminika. Au wamekosa mwingine. Yote yanawezekana.

Umeniuliza uanzie wapi. Acha nianze na pale nilipoharibu.

Ilikuwa 2020, miezi michache baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi kule Minneapolis. Unakumbuka wakati ule, kila ofisi Marekani ilitaka kikao cha kuzungumzia ubaguzi wa rangi, na upesi. Nikaitwa mahali fulani pa kazi. Tuliketi duara. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, mfanyakazi wa miaka mingi, akaanza kusimulia jinsi mlinzi alivyomzuia mlangoni ilhali kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni mwake. Alisema taratibu, akikigeuzageuza kile kitambulisho kwa vidole. Hajafika mwisho, mama mmoja Mzungu upande wa pili akaangua kilio: "Sikujua, jamani, sikujua!" Tishu zikatoka pembe tatu. Mmoja anampapasa mgongo, mwingine anamletea maji, na mimi mwendesha kikao nikapiga magoti mbele yake kumuuliza kama tupumzike.

Tukapumzika. Tuliporudi, mzee alikuwa amekitia kitambulisho mfukoni na kukunja mikono. Hakusema neno tena hadi tunaondoka.

Yule mama hakuwa na hila yoyote, alilia kweli. Kosa lilikuwa langu. Maumivu ya mzee yalikuwa mezani, nikayaondoa ili nipange machozi ya mwingine. Ingenitosha kumgeukia na kumwambia, "Endelea, mzee, hujamaliza." Kwa hiyo nakusihi, usiende peke yako. Tafuta mwenzako wa kuendesha naye, na kama inawezekana awe Mzungu, ili mtu akizidiwa, yeye amfuate nje, wewe ubaki na aliyekuwa anasema.

Sasa, kuanza. Usianze na neno "ubaguzi." Simaanishi ulifiche. Shida ni kwamba mmoja akilisikia anasikia "wewe ni mtu mbaya," na mwingine anasikia sheria, benki na mitaa. Watagombania neno moja saa nzima, na kila mmoja atarudi nyumbani akijiona mshindi. Mimi siku hizi naanza na ramani. Kwenye miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200, likaipaka mitaa rangi nne: kijani, buluu, njano, nyekundu. Nyekundu maana yake hatari kukopesha, na mitaa ya Weusi ilipakwa nyekundu karibu yote. Idara nyingine ya serikali, iliyoanzishwa 1934 kudhamini mikopo, nayo ikawa haidhamini nyumba katika mitaa ya namna hiyo. Sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi ilitiwa sahihi Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Hesabu mwenyewe: familia moja ilijilimbikizia thamani ya nyumba zaidi ya miaka thelathini, ya pili ikilipa kodi ya pango. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za shule za huko hutokana na kodi ya majengo inayolipwa na wenye nyumba wa eneo lenyewe, mstari ule wa zamani bado unaingia darasani kila asubuhi.

Kama mji wenu ulichorwa, ramani yake utaipata bila shida. Itandike, weka mipaka ya shule juu yake, halafu nyamaza. Waache wainame watafute mtaa wao. Mtu aliyeinamia ramani hana nafasi ya kukunja ngumi. Atakayesema kwanza mara nyingi atasema jambo dogo, kama "bibi yangu alikaa hapa," na hapo ndipo utamwuliza: ilikuwaje? Maoni wanayo tayari, wametoka nayo nyumbani. Uliza kisa.

Kimya kitakuogopesha. Hesabu hadi kumi kabla hujakijaza. Nimeshawahi kufika tisa ndipo mtu anafumbua mdomo.

Atakuwepo pia wa kusema "mimi sioni rangi." Usimshambulie, wala usiwaache wengine wamrarue. Muulize alifundishwa na nani, na lini. Wengi wana mtu wanayempenda nyuma ya maneno hayo, mama au mwalimu, na ukimgusa yule mtu kwa heshima mazungumzo yanashuka sauti.

Kuhusu hofu uliyoitaja, kwamba maneno ya kikaoni yanaweza kuwaletea watu matatizo, ni ya kweli. Tangu Januari 2025, Trump alipoanza muhula wa pili kwa kutia sahihi amri ya kufuta programu za usawa na ujumuishi katika serikali kuu, nimeona watu wakinong'ona maneno waliyokuwa wakiyabandika ukutani. Waambie mapema nani anaandika, yanaandikwa nini, na yanapelekwa wapi. Simu ziwekwe mbali. Wapo wanaoshauri tubadili kila neno tusionekane. Mimi sikubaliani nao sana, ila nyinyi mna jambo lenye jina lake tayari, mipaka ya shule. Liiteni hivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni letu wenyewe, na sijui kama kuna atakayekwambia. Ukisimama pale, wengine watakuona mweusi basi, wakutegemee uwasemee Weusi wote. Usikubali. Wewe na mimi tuliingia na viza na masanduku. Babu zetu walikuwa na yao, lakini si wao walionyimwa mkopo kwa sababu ya ile rangi nyekundu. Na atatokea Mzungu mmoja mpole sana akuambie mbele ya watu, "Tazama wewe, umekuja juzi na mambo yako mazuri." Hiyo sifa ni fimbo, na anataka umshikie ampige nayo mwenzako. Mimi iliwahi kunipata, nikatabasamu. Mpaka leo naona aibu. Siku hizi najibu kwamba mimi sikuanzia kwenye ramani ile, kisha naendelea.

Halafu wazazi weusi watafute kabla, mmoja mmoja, uwaulize wangependa kusema nini na nini hawataki kuulizwa. Hawaji kufundisha darasa.

Fika mapema, upange viti mwenyewe bila meza katikati, isipokuwa ile ya ramani. Nipigie Jumapili jioni, hata kama kikao kimeharibika, hasa kikiwa kimeharibika. Nitakuwa macho.

Wako siku zote.