Mhariri, mavi ya chuma si kimondo

Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja. Nilinyamaza mlipoihamisha Tukuyu ya Mbeya mkaiweka Songwe, nikanyamaza mlipoandika kwamba Kitulo, hifadhi ya maua, ni mbuga ya simba. Lakini ile taarifa yenu ya ukurasa mzima, yenye picha ya mpira wa moto ukishuka juu ya migomba, imenishinda.

Unaikumbuka. Mwandishi wako alisema Kimondo cha Mbozi ni kipande cha nyota yenye mkia iliyoigonga dunia miaka 12,900 iliyopita, kwamba hicho ndicho kilichogeuza hali ya hewa ya dunia nzima na kuleta baridi ya ghafla, na kwamba Ziwa Ngozi ni shimo lililochimbwa na vipande vyake vingine. Mwishoni, kana kwamba hayo hayatoshi, akaweka bei ya gramu moja kwa dola. Kilichokosekana ni namba ya simu ya mnunuzi tu.

Ngozi ni volkano, Mhariri. Wanaolima viazi kwenye milima ya Uporoto, Ngozi ilipo, wanashika majivu ya volkano kila wanapoinua jembe, waulize. Na Kimondo chenyewe, kipande cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, chuma asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9, Wanyiha, wenyeji wa hapa, walikijua tangu enzi na enzi kabla Wazungu hawajakiandika mwaka 1930. Hakuna masimulizi ya wazee yanayoeleza kilivyoanguka, na hakuna aliyewahi kuonyesha shimo lake. Kitu ambacho hakijulikani kilianguka lini, mwandishi wako amekipa tarehe ya kuzaliwa! Hiyo 12,900 ameiokota kwenye dhana ya nyota yenye mkia iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa Marekani, dhana ambayo inabishaniwa mpaka leo na ambayo wataalamu wengi wa hali ya hewa ya kale hawaiafiki. Wengi wao wanasema ile baridi ya ghafla ililetwa na maji ya barafu iliyoyeyuka Amerika Kaskazini, yakamwagika Atlantiki na kuvuruga mikondo ya bahari. Ubishi huo wote haukupata hata sentensi moja.

Sisemi kwamba mawe ya angani hayajawahi kuleta maafa. La Chicxulub, kule Mexico, miaka milioni 66 iliyopita, liliacha shimo la kilomita zipatazo 180 na likawamaliza dinosaria. Lakini tulijuaje? Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao walitangaza kwamba katika ukanda mwembamba wa udongo wa enzi hizo, ule wa Gubbio kule Italia ukiwa mmojawapo, kuna iridiamu, metali iliyo adimu kwenye udongo wa dunia lakini nyingi katika mawe ya angani, kuliko inavyopaswa kuwepo. Shimo lenyewe lilitambuliwa baadaye, na chembe za kwatzi, madini ya mchanga, zilizopasuka kwa kishindo zikaonekana. Ushahidi ulitangulia, hadithi ikafuata. Ninyi mmeanza na picha ya kompyuta.

Sasa nikueleze taarifa yako imefanya nini huku kwetu. Jumamosi asubuhi kijana mmoja niliyemfundisha aliingia uani kwa bodaboda, nyuma kafunga kiroba cha mbolea kilichojaa mawe. "Shikamoo mwalimu, nimekuletea mali." Akatoa mfukoni ukurasa wenu, umekunjwa vizuri, bei ya gramu imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikachukua jiwe moja. Jeusi, zito, upande mmoja linang'aa, limejaa matundu ya mapovu, na katikati kimenasa kipande cha mkaa. Jingine lilikuwa limegandana na kipande cha mrija wa udongo. Sikuhitaji kuuliza, ila niliuliza: mmeyatoa wapi? "Kule juu, mwalimu, kwenye vile vichuguu vya wazee. Tumevunja viwili, ndani hamna kitu, mali iko chini." Vichuguu! Yale ni malungu, tanuru walizoyeyushia chuma mababu zake mwenyewe, wakafua majembe yaliyolima nchi hii kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Mirija ile ndiyo iliyoingiza hewa tanurini. Na alichokibeba kwenye kiroba ni mavi ya chuma, yaani takataka ya tanuru. Nikamwambia achukue nyundo apige. Jiwe likakatika vipande viwili kwa pigo la kwanza. Mwaka ule wa 1930 mtaalamu wa jiolojia alikaa na msumeno saa nyingi kupata kipande kidogo tu cha Kimondo. Chuma cha angani hakivunjiki hivyo. Unajua alinijibu nini? "Kwa hiyo mwalimu, hata dola tano haipati?" Malungu mawili yamekwenda, Mhariri, na hayajengwi tena, kwa sababu mtu wenu wa mjini alitaka kichwa cha habari chenye moto. Na mkaa ule ulionasa ndani ya jiwe ungepelekwa maabara, kipimo cha kaboni kingesema tanuru liliwashwa lini, na hadubini ingeonyesha ni mti gani ulikatwa, hivyo tungejua mlima ule ulikuwa na msitu wa namna gani. Huo ndio ushahidi wa hali ya hewa ya kale ya Mbozi. Umemwagwa barazani kwangu kwenye kiroba cha mbolea.

Ajabu ni kwamba habari kubwa kuliko hiyo ya kimondo iko karibu na hapa na hamuiandiki. Mwaka 2005 watafiti walitia mtambo wa kuchimba katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wakatoa mirija mirefu ya matope yaliyojilimbikiza tabaka juu ya tabaka. Humo wakasoma kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ulikuja ukame mkali, tena si mara moja, ambao uliteremsha maji ya ziwa kwa mita 600 hivi. Mita 600! Aliyesimama leo Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, angetembea mpaka achoke kabla hajalowesha mguu. Hakuna jiwe lililoanguka. Ni dunia tu inavyoyumba taratibu katika kulizunguka jua, mvua zikahama. Ziwa Victoria nalo lilikauka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya. Ziwa Rukwa letu hili la kina kifupi liliwahi kufurika mpaka likamwaga maji Ziwa Tanganyika. Na mkitaka kimondo kwa lazima, andikeni Bosumtwi ya Ghana, shimo halisi la kimondo, lenye umri wa miaka milioni moja na ushei: hata pale, historia ya ukame wa Afrika Magharibi imesomwa kwenye matope yaliyojaa ndani yake.

Na tukiwa hapo hapo: matope ya Nyasa yamehifadhiwa Minnesota. Barafu ya Kilimanjaro iliyochimbwa mwaka 2000 na mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na kundi lake, yenye tabaka la vumbi la ukame mkubwa wa miaka 4,000 hivi iliyopita, iko kwenye majokofu ya Ohio. Siwalaumu walioihifadhi, huku umeme ungekatika wiki ya kwanza. Ila nimefundisha jiografia maisha yangu yote na sijawahi kuona hata nakala ya plastiki ya mrija mmoja wa matope katika shule yoyote ya mkoa huu, wakati kila darasa lina mchoro wa volkano uliopauka.

Pendekezo langu ni jepesi. Kila Jumatatu mnatoa nusu ukurasa wa mikeka ya kubeti. Jumatatu moja kwa mwezi ipeni matope. Wekeni picha ya tabaka, miaka yake pembeni, bila moto. Na mwandishi wako anunuliwe nyundo, tupa na sumaku kabla hajaandika tena neno kimondo, ila mwelezeni kwamba sumaku peke yake haitoshi, maana mavi ya chuma nayo mara nyingine hunaswa. Akiwa tayari aje, nitampeleka kwenye malungu yaliyosalia na atamweleza kijana wangu kwa mdomo wake kuhusu ile bei ya gramu. Gari halifiki kule. Nauli ya bodaboda kutoka barabara kuu atajilipia.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Vwawa, Songwe